Kilatini na Kigiriki cha kale huku unafanya kazi: njia nne za kusoma zikilinganishwa

Kuna andiko fupi la Kigiriki liitwalo Periplus ya Bahari ya Eritrea, la karne ya 1 baada ya Kristo, ambalo mwandishi wake hajulikani. Lina vifungu 66, vingi vifupi kama taarifa ya nahodha. Kifungu cha 16 kinataja soko la mwisho la Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, liitwalo Rhapta, na kinasema limepewa jina hilo kwa sababu ya vyombo vyake vya baharini vya kushonwa. Kwa Kigiriki, rhapto ni kushona. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi: mtepe, jahazi la kale la pwani, ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari.

Mimi nilikisoma kifungu hicho saa kumi na mbili asubuhi, nimetoka zamu ya usiku kwenye ghala moja kaskazini ya London, kidole kimoja kwenye kamusi na kingine kwenye kikombe cha chai. Kilinichukua dakika 40 hivi. Nilikuwa nimeshakisoma kwa Kiingereza mara nyingi, lakini sikuwahi kuona kwamba jina la mji na neno la mshonaji ni kitu kimoja.

Tangu hapo ndugu na marafiki huniuliza swali lile lile kwa sura mbalimbali: mtu anayefanya kazi, mwenye watoto, asomee wapi lugha hizi hadi ngazi ya chuo kikuu bila kuacha mshahara? Nimezipanga hapa njia nne ninazozitaja kila mara. Mbili ziko Uingereza, moja Afrika Kusini, na ya nne iko nyumbani, ingawa wengi huisahau kwa kuwa haibebi jina la masomo ya kale.

Vya kupima kabla ya kutazama majina ya vyuo

Kigezo cha kwanza ndicho kinachowaponza watu: unataka lugha, au unataka dunia ile? Vyuo vya Uingereza hutenganisha shahada mbili ambazo majina yake yanakaribiana sana. Moja, kwa kawaida Classical Studies, ni ya kusoma Wagiriki na Warumi kupitia tafsiri: historia, tamthilia, dini, sanaa, falsafa. Nyingine, Classics, inakutaka usome maandiko kwa lugha yake, kwa hiyo Kilatini au Kigiriki, au vyote viwili, huchukua sehemu kubwa ya mafunzo. Namjua bwana mmoja aliyemaliza mwaka mzima akisubiri somo la Kigiriki lianze. Alikuwa amejiandikisha kwenye ile ya kwanza.

Vigezo vingine ni vya kawaida, ila kila kimoja nitakipitisha kwenye njia zote nne: saa za wiki na ratiba yake, ada na nani anailipa, sifa za kuingia, nani atakusikia ukikosea, na karatasi utakayopata inafungua mlango gani.

Hicho cha kusikiwa nakipa uzito kuliko wengi wanavyokipa. Lugha iliyokufa haina mtaa wa kwenda kuizungumza. Ukikosea kichwani hakuna mwenye duka wa kukucheka, na kosa linakaa humo miezi.

Mswahili anaingia darasani na nini

Vitabu vingi vya shule vya zamani vilianza Kilatini na neno mensa, yaani meza. Sisi meza tuliipata kwa Wareno, nao waliirithi kutoka Kilatini. Kalamu ni kalamos ya Kigiriki iliyopitia Kiarabu, na falsafa na kanuni zilipita njia hiyo hiyo. Hata gereza: ni igreja ya Kireno, kanisa, na nyuma yake kuna ekklesia ya Kigiriki. Haya yanafurahisha, lakini kufaulu mtihani hayakusaidii sana.

Kinachosaidia kweli ni kitenzi. Darasani kwetu wenzangu Waingereza walitaabika wiki tatu na nyakati za Kigiriki. Egrapsa ni niliandika. Egraphon ni nilikuwa nikiandika. Gegrapha ni nimeandika. Mtu anayejua tofauti ya "aliondoka" na "ameondoka" tangu utotoni ameshavuka kizingiti ambacho wengine wanakipanda kwa ngazi. Vivyo hivyo upatanisho: jinsia tatu za Kilatini si mzigo kwa mtu aliyekua na ngeli.

Penye taabu ni nomino. Kilatini hubadilisha mwisho wa nomino kulingana na kazi yake katika sentensi (sura hizo huitwa hali), na maneno hutawanyika yatakavyo. Tuna kijisehemu cha jambo hilo katika meza na mezani, lakini ni kijisehemu tu. Hapo ndipo saa zako nyingi zitaishia.

Na jambo moja halisemwi kwenye vipeperushi: katika njia zote nne, sarufi na kamusi ziko kwa Kiingereza. Kiingereza chako cha kuandika insha kitapimwa kabla ya Kigiriki chako.

Open University, Uingereza

Hiki ni chuo kikuu huria cha Waingereza, kilichoanzishwa 1969, makao yake Milton Keynes. Kwa mfumo ni ndugu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ila Tanzania hawana shahada ya Wagiriki na Warumi.

Shahada yao ya kwanza ya masomo ya kale kwa sehemu kubwa ni ya dunia, siyo ya lugha. Kilatini na Kigiriki vipo kama kozi ndani yake, unazichagua, lakini mtu anaweza kumaliza akiwa amegusa lugha kidogo tu. Kwa anayependa historia na visasili hilo ni jema. Kwa anayetaka kusoma Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, bila tafsiri, ni mwanzo tu.

Ratiba ndiyo nguvu yake. Shahada ni krediti 360. Ukichukua 60 kwa mwaka unamaliza kwa miaka 6, na kila krediti inahesabiwa kama saa 10 za kazi. Kwa hiyo krediti 60 ni saa 600, ambazo kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa kiangazi zinakuwa kama saa 16 hadi 18 kwa wiki. Saa hizo ni zako: usiku, alfajiri, ndani ya treni. Nimeona watu wakizidharau kwa sababu hakuna mtu anayekusubiri darasani. Mimi mwenyewe niliposoma kwa masafa niliachwa nyuma wiki tatu mwezi Novemba, na wiki tatu za lugha si sawa na wiki tatu za historia. Kwenye historia unaruka sura. Kwenye lugha sura uliyoiruka inakungoja kila sentensi.

Ada kwa mkazi wa England imepita pauni 3,500 kwa krediti 60. Kuna mkopo wa serikali wa ada kwa mwenye ukazi unaotakiwa, mradi asome angalau robo ya kasi ya mwanafunzi wa kutwa, yaani krediti 30 kwa mwaka. Mkopo wa kujikimu, kwa kawaida, hautolewi kwa anayesoma kwa masafa. Mwenye shahada tayari hubanwa sana kwenye mikopo ya shahada nyingine ya ngazi ile ile. Utaratibu mzima wa England unabadilishwa kwa kozi zinazoanza Januari 2027, basi soma masharti ya mwaka wako, usisome ya rafiki yako. Ukiwa Scotland na kipato chako binafsi hakizidi pauni 25,000 kwa mwaka, uliza ruzuku ya ada ya wanafunzi wa nusu muda. Huko Glasgow wako Watanzania wanaolipa mfukoni bila kujua ipo. Ukiwa nje ya Uingereza, ada ni kubwa zaidi na mkopo hakuna.

Kuingia hakuhitaji cheti chochote kwa shahada ya kwanza. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyeacha vyeti Bujumbura au Bukavu na hana namna ya kuvipata.

Kusikiwa: una mwalimu wako wa kikundi, anasahihisha kazi zako na kuandika maoni marefu, na kuna vipindi vya mtandaoni. Lakini kusoma kwa sauti mbele ya mtu kunategemea bidii yako.

Inamfaa mwenye zamu zinazobadilika, mlezi wa mtoto au mgonjwa, na asiye na vyeti.

Birkbeck, London

Birkbeck ilianza 1823 kama taasisi ya mafundi, na tangu zamani inajulikana kwa madarasa ya jioni, saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, kwa watu wanaotoka kazini. Iko Bloomsbury, Malet Street.

Lugha hapa unaweza kuianza kutoka sifuri na kuipandisha mwaka hadi mwaka, na uzito wake unategemea shahada uliyochagua. Tazama orodha ya kozi za mwaka unaoingia, kwa sababu vyuo vya London vimekuwa vikipunguza na kuunganisha masomo ya sanaa, na kozi ya lugha yenye wanafunzi wachache ndiyo ya kwanza kutazamwa.

Ratiba ni kinyume cha ile ya masafa. Saa za darasani ni chache, lakini haziombi ruhusa: kama ni Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili, ni Jumanne na Alhamisi. Muuguzi mwenye zamu za kubadilika ataumia. Karani wa benki anayetoka saa kumi na moja, au mwalimu wa shule, atapumua. Ongeza nauli, na ongeza kwamba utafika nyumbani saa nne usiku watoto wamelala.

Kwa ada, mikopo ni ile ile ya nusu muda, ila kuna tofauti inayofaa kuandikwa kwa wino mwekundu: kwa kuwa unahudhuria darasani, mkazi anayestahili anaweza kuomba pia mkopo wa kujikimu. Kwa mtu anayepunguza siku za kazi ili asome, hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Kuingia: wanatazama vyeti, lakini wamezoea watu wazima waliokaa miaka mingi nje ya shule, na uzoefu wako unasikilizwa. Jambo la viza lisikupite: viza ya mwanafunzi ya Uingereza haitolewi kwa shahada ya kwanza ya nusu muda. Usipange kutoka Nairobi kwa njia hii. Ni ya aliyekwisha kuwa mkazi.

Kusikiwa ndiko kunakoipa bei yake. Unasoma mstari kwa sauti, mwalimu anauliza "hilo neno liko katika hali gani?", unakosea, mtu wa pembeni anakosea zaidi, mnacheka, na hamlisahau tena. Halafu kuna ujirani. Hatua chache iko Senate House yenye maktaba ya masomo ya kale ya Chuo Kikuu cha London, ambayo haina cha kuionea haya maktaba yoyote ya fani hii nchini humo. Makumbusho ya Uingereza unaifikia kwa miguu, na SOAS, wanakofundisha Kiswahili, ni mlango wa pili. Mwanafunzi wa masafa havipati hivi kwa namna hiyo.

Inamfaa anayeishi London au karibu na treni ya London, mwenye jioni zinazotabirika, na anayejijua kwamba bila darasa hasomi.

UNISA, Afrika Kusini

UNISA, yaani Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, ilianza 1873 kama chombo cha kutahini, na tangu 1946 inafundisha kwa masafa. Makao yake ni Pretoria. Kwa msomaji aliye Afrika ndiyo njia ya masafa iliyo karibu zaidi kimaisha: saa ni karibu zile zile, na ofisi zimezoea wanafunzi wa nje.

Lugha za kale zinafundishwa chini ya paa moja na masomo ya Biblia, na hilo lina sababu ya kihistoria. Kilatini kilikuwa sharti kwa aliyetaka kuwa wakili wa mahakama kuu nchini humo hadi miaka ya 1990, kwa sababu sheria yao ina mizizi ya Kirumi iliyopitia Uholanzi. Sharti lilipoondoka, madarasa yalikonda. Kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha kwamba moduli za ngazi ya pili na ya tatu za lugha yako zinafundishwa mwaka huo, siyo kwamba zimeandikwa tu kwenye orodha.

Ratiba: unachukua moduli moja moja kwa kasi yako, ndani ya ukomo wa miaka. Ada: unalipia kila moduli, kwa randi, na wageni hutozwa nyongeza. Uliza nyongeza ya nchi yako hasa, maana Mtanzania na Mkongo wako ndani ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Mkenya na Mganda hawamo, na mahesabu hayalingani. Hakuna mkopo wa serikali ya Uingereza hapa, wala kwa kawaida wa bodi za nyumbani. Ni mfuko wako. Kuingia kunahitaji cheti cha sekondari kinachotathminiwa kwa vigezo vyao, na tathmini huchukua muda, hivyo anza mapema.

Kusikiwa ni udhaifu wake. Andaa mtu wa kusoma naye, hata kwa simu, mara moja kwa wiki.

Inamfaa aliye Dodoma, Lubumbashi au Kampala, anayetaka shahada bila kuhama, na mwenye nidhamu ya peke yake.

Chuo cha teolojia nyumbani

Hapa najua baadhi ya wasomaji watakunja uso. Lakini kwa Kigiriki na Kiebrania, idara za teolojia za Afrika Mashariki zimefundisha kwa miaka mingi, kimyakimya. Makumira, pale Usa River karibu na Arusha, ni ya Walutheri. St. Paul's ya Limuru ilianzia Freretown, Mombasa, mwaka 1903, ikahamia Limuru 1930.

Kigiriki utakachopata ni cha Agano Jipya, kile cha watu wa kawaida wa karne ya 1, siyo cha Plato, mwanafalsafa wa Athens. Mwanafunzi huanza na en arkhe en ho logos, maneno matano, na tayari ana kihusishi, kibainishi na kitenzi cha wakati uliopita unaoendelea. Kilatini ni kidogo au hakipo, labda uwe seminari ya Kikatoliki. Anayetaka Virgil, mshairi wa Kirumi, asiende huko.

Lakini tazama hili: Kigiriki cha Periplus ni jamaa wa karibu wa hicho cha Agano Jipya kuliko cha Plato. Mtu aliyemaliza miaka miwili ya Kigiriki Limuru, akiongeza msamiati wa bahari na biashara, ataifikia Rhapta kabla ya mwanafunzi aliyeanza na tamthilia za Athens.

Ratiba inategemea chuo: vingine vina vipindi vya jioni au vya likizo, vingine vinataka ukae bwenini. Ada ni ya nyumbani, na wengi hudhaminiwa na dayosisi. Udhamini huo una mkia: kanisa linatarajia urudi ukahudumu. Asiyekusudia huduma aseme mapema, na ajue lugha zitakuja pamoja na mahubiri, historia ya kanisa na mengineyo. Kuingia mara nyingi huhitaji barua ya mchungaji. Kusikiwa ni kwingi, darasa dogo, mwalimu unayeweza kumfuata hadi kantini.

Inamfaa mtumishi wa kanisa, mtu wa tafsiri ya Biblia, na yeyote anayetaka Kigiriki bila kupanda ndege.

Karatasi yenyewe

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu tofauti si kubwa. Shahada za Uingereza zinatambulika nyumbani baada ya kuthibitishwa na mamlaka husika, Tanzania ikiwa ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Ya masafa inapita mchakato huo huo, nayo ya UNISA vilevile. Ya teolojia inafungua mlango wa kanisa na wa ualimu wa dini upesi kuliko nyingine. Lakini hakuna hata moja yenye kazi inayokusubiri nyuma ya mlango kwa jina lake. Watu niliosoma nao wamekwenda kwenye sheria, nyaraka, ualimu na utumishi wa halmashauri, na karibu wote walikuwa na kazi kabla ya kuanza.

Kwa hali yako

Uko Uingereza na zamu zako hubadilika kila wiki: masafa, na anza na krediti 30, siyo 60, mwaka ambao kuna lugha. Uko London na jioni zako ni zako: kaa darasani Birkbeck siku moja ya wazi kabla ya kuamua, usikie mwenyewe sauti ya chumba. Una shahada tayari: piga hesabu ya mikopo kabla ya kupenda chuo, na fikiria shahada ya pili badala ya kurudia ya kwanza.

Uko Afrika Mashariki na lengo ni Kilatini: UNISA, baada ya kuthibitisha moduli za juu. Lengo ni Kigiriki na kanisa halikutishi: nyumbani. Lengo ni Ge'ez, lugha ya maandishi ya Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, njia zote hizi nne zitakuzungusha bure. Mlango wako ni Addis Ababa.

Hujui kama lugha yenyewe utaiweza: Open University wanaweka masomo ya utangulizi ya Kigiriki na Kilatini bure kwenye OpenLearn, tovuti yao ya masomo. Chukua la Kigiriki. Mwanzo ni alfabeti, na nyingi za herufi zake utakuwa umeziona kwenye hesabu za sekondari. Soma dakika 30 kila siku kwa wiki tatu, saa ile ile, ukiwa na uchovu wako wa kawaida wa kazi. Zihesabu siku ulizokosa. Zikipita sita, ratiba ya darasani itakufaa kuliko ya masafa. Zikiwa chini ya hapo, unaweza kujitegemea, na pesa ya nauli ya Bloomsbury ukanunulie kamusi.